Ukiona GKT, usikimbilie kusema ATP

Bakajani chelewa ikiingia shamba la viazi Uyole au Njombe msimu wa ukungu na baridi, majani huungua ndani ya siku chache. Jeni RB, iliyopatikana kwenye kiazi pori Solanum bulbocastanum na kutangazwa mwaka 2003, huupa mmea kinga, na protini yake ina domeni (sehemu yenye kazi maalumu) ya kushika ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Ni mfano mzuri wa kujifunzia kulinganisha protini, na hapo ndipo dhana potofu huanza.

Iliyo sugu kuliko zote: “Ukiona GKT, hiyo inashika ATP.” Protini ni mnyororo wa amino asidi, kila moja ikiandikwa kwa herufi moja: G ni glisini, K lisini, T threonini. Chanzo cha dhana hii si kibaya. Mwaka 1982 John Walker na wenzake walilinganisha protini zinazotumia ATP wakakuta mpangilio uleule: G, herufi nne zozote, G, K, kisha T au S (serini). Lakini piga hesabu. Amino asidi ni 20. Zingetawanyika sawasawa, mpangilio huo ungejitokeza kwa bahati mara moja katika kila nafasi 80,000. Kiazi kina jeni kama 39,000. Tuseme kila protini ina amino asidi 400: hizo ni nafasi zaidi ya milioni 15, yaani karibu mara 200 za bure kabisa! Ni sawa na kumwita kila aliyevaa koti zito stendi ya Makambako mwenyeji wa Njombe. Kwa hiyo tafuta na D (asidi aspatiki) iliyotanguliwa na amino asidi zinazokwepa maji, mbele kidogo kwenye mfuatano, kisha uangalie kama ndugu wa mbali wa protini hiyo nao wamezitunza herufi hizo. Hata zikitimia zote, bado huenda inashika GTP, molekuli inayofanana na ATP, kama ifanyavyo protini iitwayo Ras.

“Haina GKT, basi haishiki ATP.” Si kweli. Kinasi za protini, yaani vimeng'enya vinavyobandika fosfati ya ATP kwenye protini nyingine, hutumia GxGxxG (x ni herufi yoyote), pamoja na K iliyo mbele zaidi.

“Mfanano wa herufi chini ya asilimia 20 maana yake hakuna undugu.” Aktini, Hsp70 na heksokinasi, protini tatu zenye kazi tofauti, hazifanani sana kwa herufi, ila zimekunjwa kwa namna moja pale ATP inapokaa. Mimi asilimia siiamini peke yake.

Na domeni kuwepo si ushahidi kwamba inafanya kazi. Kuna kinasi zilizopoteza uwezo wa kufanya kazi zikabaki na umbo. Badilisha ile K ya GKT iwe alanini (amino asidi nyingine), kisha upime maabara kama ATP bado inashikwa.