Muuguzi mwenye wito wa umisionari: dhana zinazomponza

Kila msimu wa makongamano ya vijana, wauguzi chipukizi huniuliza swali lile lile: nitajuaje kama Mungu ananiita nikahudumu ng'ambo? Nalipenda sana swali hilo. Ila mara nyingi huja limebeba dhana ambazo, kwa mtu anayeshika sindano kila siku, zinaweza kuua.

Dhana: Wito huja kwa ndoto au sauti, na ukishaupata hakuna wa kukuhoji.

Wapo waliosikia sauti. Wengi zaidi walianza na mzigo moyoni usioisha, wakaupeleka kwa wachungaji wao, wakasubiri. Shirika makini la kimisionari litataka barua ya kanisa lako, leseni hai na vipimo vya afya, kisha litakuhoji kwa kirefu kuhusu ndoa yako, madeni yako na hata hasira zako. Huko si kumzimisha Roho. Barnaba na Sauli wenyewe waliondoka Antiokia baada ya kanisa kufunga, kuomba na kuwawekea mikono.

Dhana: Moyo wa huruma unatosha, mengine Mungu atajazia.

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu jibu lake liliandikwa kwa damu, tena hapa jirani, Kongo. Mwaka 1976 hospitali ya misheni ya Yambuku ilikuwa na vitanda 120 na wahudumu 17. Daktari hakuwepo. Masista wa Kibelgiji waliofanya kazi pale walikuwa wameacha kwao na kila kitu kwa ajili ya watu wale, na sina shaka hata chembe juu ya upendo wao. Lakini kila asubuhi zilitolewa bomba 5 tu za sindano, zigawanywe kati ya wagonjwa wa nje, waliolazwa na wajawazito. Baada ya kumchoma huyu, sindano ilisuuzwa kwenye chombo cha maji ya uvuguvugu, kisha akachomwa anayefuata. Kuchemshwa ilikuwa jioni, nako si kila jioni.

Ugonjwa ulioingia humo ndio tunaouita leo Ebola. Waliougua walikuwa 318, wakafa 280. Kati ya wahudumu 17, walikufa 11, masista wakiwemo. Mayinga N'Seka, muuguzi kijana Mkongo aliyewahudumia wagonjwa wa kwanza waliopelekwa Kinshasa, naye alifariki. Hospitali ilipofungwa, mlipuko ukaanza kupungua.

Siwasemi vibaya marehemu. Nasema na wewe unayefunga mizigo leo: ukikuta wodi haina bomba za kutosha, wito wako unakutaka ukatae kuchoma. Sindano isiyo ya lazima isichomwe kabisa, hata kama foleni imefika getini na wagonjwa wanalalamika kwamba wamenyimwa dawa. Utaalamu na ibada ni kazi moja.

Dhana: Aliyetumwa na Mungu haambukizwi.

Januari 1969, Laura Wine, muuguzi wa misheni katika kijiji cha Lassa, kaskazini mashariki mwa Nigeria, aliugua homa isiyojulikana. Alipelekwa kwa ndege mjini Jos, akafariki. Muuguzi mwenzake, Charlotte Shaw, alikuwa amemsafisha kinywa kwa kitambaa cha gozi, na kidoleni alikuwa na mkwaruzo mdogo. Naye akafa. Wa tatu, Lily Pinneo, aliyewauguza wote wawili, aliugua, akasafirishwa hadi New York na kupona. Kutokana na damu yake virusi vya Lassa vilitambuliwa, na mtafiti aliyeambukizwa akivichunguza alitibiwa kwa plazma (majimaji ya damu) ya Pinneo. Kisha Pinneo akarudi Nigeria.

Wote watatu walikuwa wanaomba. Anayekuambia glavu ni dalili ya imani haba, mkumbushe kwamba Bwana Yesu mwenyewe alikataa kujirusha kutoka kwenye kinara cha hekalu.

Dhana: Muuguzi huenda kumbebea daktari mkoba.

Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, ilianza kama zahanati miaka ya 1930, ikaendeshwa na wauguzi hadi mwaka 1959 alipofika daktari wake wa kudumu, Ernie Steury. Kampala nako, daktari mmisionari Albert Cook anatajwa kila mahali kwa kuanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, ilhali aliyewafundisha Waganda ukunga na kusimamisha shule yao ni Katharine Timpson, muuguzi aliyefunga naye ndoa mwaka 1900.

Dhana: Umisionari ni mlango wa kutokea kimaisha.

Ukitaka mshahara wa ng'ambo, tafuta mkataba, si dhambi. Mmisionari kwa kawaida huishi kwa michango ya makanisa na marafiki, anayoitafuta mwenyewe kabla ya kuondoka. Hata kwenye meli za hospitali za Mercy Ships, kwa miaka mingi wauguzi wa kujitolea walijilipia nauli na kuchangia chakula na malazi yao.

Dhana: Umisionari ni kazi ya Wazungu.

Eldoret, Kenya, kuna chuo cha kanisa la AIC (Africa Inland Church) kinachoandaa wamisionari Waafrika. Nenda kaulize.

Na ukipata nafasi, jua kwamba cheti cha kwenu hakikuruhusu kumgusa mgonjwa wa nchi nyingine. Baraza la uuguzi la huko litakusajili kwanza, kama Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linavyowataka wageni wajisajili hapa. Kisha lugha. Wamisionari wengi waliokuja kwetu walikaa darasani miezi kadhaa kule Makoko, Musoma, wakijifunza Kiswahili kabla ya kukabidhiwa kazi. Wewe ukipangiwa Chad, anza mapema na Kifaransa, halafu Kiarabu cha Chad, maana mama aliyeshikwa na uchungu usiku hatakusubiri utafute mkalimani.