Siku za Senti: Yanayosimuliwa na Yaliyokuwa Uganda Mwishoni mwa Miaka ya Sitini

Nilikulia Walukuba, Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi ambako jirani wa kushoto alikuwa Mjaluo, wa kulia Msamia, wa mbele Mnubi, na sote tulielewana kwa Kiswahili. Shule nilianza mwaka 1966, mwaka ule ule nchi ilipopata fedha yake yenyewe. Leo sukari ikipanda bei, wazee wenzangu hawakawii: "Enzi zetu!" Wajukuu wanasikiliza, wanashangaa, na yale wanayoyasikia wanayabeba kama historia. Mengi ni kweli. Mengine yamekuwa yakinona kila yanaposimuliwa, na mimi naona ni deni letu kuyarudisha mahali pake wakati tungali hai.

"Shilingi yetu ilikuwa sawa na dola"

Hili nimelisikia msibani, harusini na ndani ya teksi za Kampala. Haikuwa hivyo. Benki Kuu ya Uganda ilifunguliwa Agosti 1966 na shilingi ya Uganda ikachukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki kwa thamani ile ile. Dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Pauni moja ya Uingereza ilikuwa shilingi 20.

Lakini kuna tukio la kweli ambalo nadhani ndilo lililozaa uvumi huu. Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni yake kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Uganda, Kenya na Tanzania zilikataa kuifuata. Matokeo yake, pauni iliyokuwa ikibadilishwa kwa shilingi 20 ikawa inapata shilingi 17 na senti 14. Nchi iliyokuwa na miaka mitano tu ya uhuru ilisimama imara huku fedha ya mtawala wake wa jana ikiteremka. Aliyeyaona hayo akiwa mtu mzima ana haki ya kujivunia. Ila kuifikia dola, hatukuifikia.

Kosa la pili liko kwenye hesabu. Watu huchukua zile shilingi 7 wakazilinganisha na shilingi takriban 3,500 za leo kwa dola, kana kwamba ni fedha ile ile. Mei 1987 serikali ilibadilisha noti: kila shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo asilimia 30 ikakatwa kama kodi. Kwa hiyo shilingi 7 za mwaka 1968 ni kama senti 7 za shilingi ya sasa. Anguko lenyewe ni kubwa mara mia kuliko wanavyolia wazee wetu.

"Vitu vilikuwa rahisi, kwa hiyo kila mtu alijiweza"

Hapa ndipo ninapobishana na rafiki zangu mpaka chai inapoa.

Ni kweli kwamba senti ilikuwa pesa. Nilitumwa dukani na senti kumi nikarudi na kitu mkononi, na sarafu za zamani za Afrika Mashariki zenye tundu katikati nilizifunga kwa uzi zisipotee njiani. Duka lile la Mhindi lilikuwa na kila kitu, na karibu kila kitu kiliuzwa kidogo kidogo: mafuta ya taa ya kujaza kibatari kimoja, chumvi ya kufunga kwenye karatasi, sigara moja moja, sabuni iliyokatwa kipande. Wenzangu wanakumbuka udogo wa bei. Mimi nikiwa mtu mzima nikajiuliza kwa nini mche mzima wa sabuni haukununuliwa. Haukununuliwa kwa sababu majirani zetu hawakuwa na pesa ya mche mzima. Bei ndogo ilikuwa kipimo cha mfuko mdogo.

Mama alikuwa akishona nguo zetu za Idi mwezi mzima kabla, kwa sababu kitambaa kilinunuliwa kwa awamu. Nacho kitambaa kilifumwa pale pale Jinja.

Shule nayo ilikuwa na ada. Siku hizi unasikia kwamba "zamani elimu ilikuwa bure". Waliosoma Makerere kweli walibebwa na serikali, na Makerere wakati huo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, hadi kilipogawanywa mwaka 1970. Lakini hao walikuwa wachache mno. Huku chini, shule ya msingi ililipiwa, na dada yangu mkubwa alikaa nyumbani mwaka mzima ili mimi niende. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza mwaka 1997. Dada hakurudi darasani.

Tena sisi tulikuwa watu wa mjini, na watu wa mjini walikuwa wachache. Sensa ya Agosti 1969 ilihesabu watu milioni 9.5 nchi nzima, Kampala ikiwa na takriban 330,000. Raia wa kawaida wa Uganda alikuwa mkulima wa pamba au kahawa, na bei ya mazao yake ilipangwa na serikali kupitia bodi za mauzo. Bei ikipanda London, haikupanda kwa sababu hiyo shambani Bugisu au Masaka. Mkulima huyo hakualikwa kwenye simulizi zetu za sinema na dansi, kwa hiyo tukamsahau.

Jambo moja nawakubalia wazee bila ubishi: sukari ilikuwepo. Viwanda vya Kakira na Lugazi viliitosheleza nchi na ziada ikauzwa nje. Foleni na magendo tulivijua baadaye, miaka ya sabini.

"Tulimwona Armstrong akikanyaga mwezi, moja kwa moja kwenye televisheni"

Mzee mwenzangu mmoja anaapa kwa hili, na ninampenda, lakini haiwezekani. Televisheni ya Uganda ilianza mwaka 1963, ya picha nyeusi na nyeupe, na ilitazamwa na wachache wenye seti au waliofika mahali penye seti. Picha ya moja kwa moja kutoka Marekani ilihitaji kituo cha setilaiti, na cha kwanza Afrika Mashariki, kile cha Longonot nchini Kenya, kilianza kazi mwaka 1970. Mwezi ulikanyagwa Julai 1969. Picha tulizoziona ni za filamu na magazeti zilizofika baadaye, nazo kumbukumbu ikazihamishia usiku ule.

Usiku wenyewe ulikuwa wa redio. Kwa saa zetu chombo kilitua tarehe 20 saa tano na dakika 17 usiku, na Armstrong akashuka ngazi ikikaribia saa kumi na mbili alfajiri ya tarehe 21. Adhana ilikuwa imeshatoka. Wanaume walikuwa wamekusanyika kwa yule jirani mwenye redio nzuri, wakiogopa betri zisiishe, wakihama kutoka stesheni hadi stesheni. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa hewani tangu 1957, na kwetu Walukuba tuliiamini kuliko gazeti. Mzee mmoja alitoka nje akautafuta mwezi kwa macho, akarudi ndani akisema kimya kimya kwamba kama wako huko, basi Mungu amewaruhusu. Ningeipoteza sauti hiyo kama ningekubali kwamba tulikuwa na televisheni.

Tarehe 31 Julai Papa Paulo wa Sita alitua Entebbe, papa wa kwanza kuja Afrika akiwa katika kiti chake, akakaa hadi tarehe 2 Agosti na kufika Namugongo walikouawa mashahidi aliowatangaza watakatifu mwaka 1964. Hilo halikuhitaji setilaiti. Hata sisi Waislamu tulikuwa na ndugu na majirani waliopanda basi kwenda kumwona.

"Medali yetu ya kwanza ya Olimpiki ililetwa na Akii-Bua"

John Akii-Bua, mkimbiaji wa mbio za kuruka viunzi, alileta dhahabu yetu ya kwanza, Munich 1972, na heshima yake haipunguzwi na mtu. Medali za kwanza zililetwa na mabondia wawili kutoka Mexico mwaka 1968: Eridadi Mukwanga fedha, Leo Rwabwogo shaba. Rwabwogo alikwenda Munich pia akarudi na fedha. Inaniuma kwamba majina haya mawili hayajulikani kwa vijana wanaovaa glavu leo.

Na tukiwa kwenye burudani: Afrigo haikupiga dansi miaka ya sitini. Bendi hiyo ilizaliwa mwaka 1975. Tulicheza rumba ya Kongo, Franco na Rochereau, na twist za Kiswahili zilizotoka studio za Nairobi.

"Mini ilipigwa marufuku na Obote"

Idi Amin, aliyempindua Rais Obote mwaka 1971, ndiye aliyeipiga marufuku sketi hiyo fupi, mwaka 1972. Nadhani watu wanachanganya na Tanzania, ambako vijana wa chama tawala cha TANU walitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968 dhidi ya mini na suruali za kubana. Kampala ya 1968 msichana alivaa alivyotaka, ingawa akifika nyumbani alikutana na mama yake.

"Kiswahili kililetwa na Amin"

Huu ni uongo unaonigusa mwilini, kwa kuwa unanifanya mgeni katika nchi niliyozaliwa. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kukitangaza si kukileta. Kilikuja na misafara ya biashara kutoka pwani karne ya kumi na tisa, kikawa lugha ya amri katika jeshi na polisi, kikapanda treni na wafanyakazi wa reli. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana wa Kiingereza, Gowers, alitaka kitumike rasmi katika utawala na shule, na Kabaka (mfalme wa Buganda) Daudi Chwa akapinga vikali, akihofia nafasi ya Luganda. Mjadala huo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini Amin alipoingia Ikulu.

Jinja ilikuwa mji wa kambi ya jeshi, wa viwanda na wa reli. Mama yangu aliuza mandazi kwa Kiswahili, baba alihesabu marobota kwa Kiswahili, na sisi watoto tuligombana kwa Kiswahili. Kwamba askari wa miaka ya sabini waliwapiga watu huku wakiwatukana kwa lugha hii, ni kweli, na maumivu ya waliosikia nayaheshimu. Lakini lugha ilikuwa sokoni kabla haijatumika kwenye vizuizi vya barabarani.

"Kulikuwa na amani mpaka Amin alipopindua"

Mapinduzi yalikuwa tarehe 25 Januari 1971. Sasa tuhesabu kurudi nyuma. Januari 1964 askari waliasi hapo hapo Jinja wakidai mishahara, na wanajeshi wa Uingereza wakaitwa. Februari 1966 mawaziri watano walikamatwa. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo, na Kabaka Mutesa, aliyekuwa amekwisha kuondolewa urais, akakimbilia London. Buganda ikawekwa chini ya hali ya hatari, ambayo iliongezwa tena na tena. Mwaka 1967 katiba mpya ilifuta falme zote. Oktoba 1968 Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition, na mbunge Abu Mayanja walikamatwa kwa yaliyochapishwa. Mutesa alifariki London tarehe 21 Novemba 1969. Hata mwezi haukuisha, tarehe 19 Desemba, Obote akapigwa risasi Lugogo, Kampala, akanusurika, vyama vya upinzani vikafungwa na hali ya hatari ikaenea nchi nzima.

Uchaguzi mkuu ulifanyika Aprili 1962. Uliofuata ulikuwa Desemba 1980. Ndani ya hiyo miaka ya senti hakuna mtu mzima aliyeulizwa anataka kutawaliwa na nani. Ninachokumbuka mimi mtoto ni kwamba taarifa ya habari ikianza, baba alipunguza sauti ya redio badala ya kuiongeza.

"Afrika Mashariki ilikuwa nyumba moja"

Kwenye karatasi ilikuwa karibu kuwa hivyo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Kenyatta, Nyerere na Obote. Reli ilikuwa moja, posta moja, shirika la ndege moja. Kwa mtoto wa Walukuba hilo lilimaanisha kwamba fundi baiskeli wetu, mtu wa Kisumu, hakuwa mgeni. Alikuwa fundi tu, chini ya mwembe, na aliniziba pancha kwa mkopo usiolipwa.

Mwaka 1969 sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara zilianza kuwabana wasio raia. Kila mtu anasema zililenga Wahindi, na ziliwalenga. Kisha mwaka 1970 serikali ya Obote iliamuru vibarua kutoka Kenya waondoke, wengi wao Wajaluo, ili kazi zao zipewe wananchi. Waliondoka kwa maelfu. Nyumba ya kushoto kwetu ilibaki wazi wiki kadhaa, na wa pili kuondoka alikuwa fundi. Baba alimsindikiza stesheni akiwa amebeba sanduku lake la spana, na aliporudi hakula.

Ukimwuliza mtu wa umri wangu ni nani walifukuzwa kwanza Uganda, atakujibu mara moja: Wahindi, 1972, Amin. Walitanguliwa kwa miaka miwili na watu tuliokuwa tukisema nao Kiswahili uani, na hakuna anayewataja.