Mpito Laini: Maana ya Kuunganisha Nyimbo Bila Kuvunja Mwendo

Mpito ni zile sekunde ambazo wimbo mmoja unatoka na mwingine unaingia. Tunauita laini pale ambapo mchezaji hapotezi hatua: mguu aliouinua kwenye wimbo wa kwanza unatua kwenye wimbo wa pili, na mwili unaendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Madijei huiita kazi hiyo kumiksi.

Wanaoanza wengi hudhani kumiksi ni kuteremsha sauti ya wimbo huu huku ukipandisha ya ule. Redio zimekuwa zikifanya hivyo tangu zamani, na kwa redio inatosha. Kwa watu wanaocheza haitoshi. Ngoma mbili zenye mwendo tofauti zikisikika pamoja, hata kwa sekunde tatu, zinakuwa kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kupokezana: michi inagongana. Dawa ya kwanza inayofundishwa ni kulinganisha spidi, na wengi huishia hapo. Mimi naamini spidi ni mlango tu. Ulaini wenyewe unatokana na nyimbo mbili kupishana: ipi inazungumza sasa, ipi inasubiri, na zinabadilishana zamu kwenye pigo lipi.

Tuanze na huo mlango. Spidi ya wimbo hupimwa kwa mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 124 una pigo moja takriban kila baada ya sekunde 0.48. Ukitaka kuuingiza chini ya wimbo wa 126, unauongeza mwendo kwa asilimia 1.6 hivi, tofauti ambayo msikilizaji wa kawaida haitambui. Kisha unaupanga ili kiki zake, yaani mapigo mazito ya ngoma ya chini, ziangukie juu ya kiki za mwenzake. Hayo ni mambo mawili tofauti na huchanganywa mno. Nyimbo mbili zinaweza kuwa na spidi ileile kabisa na bado zikagongana, kwa kuwa moja imeanza nusu pigo baada ya nyingine.

Anayetajwa sana kama mwanzilishi wa ufundi huu ni Francis Grasso, dijei wa New York, aliyepiga santuri katika klabu ya Sanctuary, jengo ambalo awali lilikuwa kanisa, kwenye kipindi cha kuelekea na kuingia miaka ya 1970. Alisikiliza wimbo unaofuata kwenye hedifoni huku ukumbi ukisikia unaocheza. Aliizuia santuri kwa vidole wakati sahani ikizunguka chini yake, na kuiachia pigo lilipofika. Hadi leo mikono ya dijei inafanya kitu hichohicho, hata kama santuri imegeuka faili. Mashine ya santuri ya Technics SL-1200 ilitoka mwaka 1972, na toleo lake la MK2 la 1979 likaleta kitelezi kirefu cha kubadilisha spidi kwa asilimia 8 juu au chini. Kwa wimbo wa mapigo 120, hiyo ni nafasi ya kutoka 110.4 hadi 129.6. Mashine nyingi za kisasa bado zina kitelezi kinachofanana na hicho.

Sikio linasahihishaje? Chukua tofauti ndogo sana, sehemu moja ya kumi ya pigo kwa dakika. Baada ya dakika moja nyimbo zitakuwa zimeachana kwa milisekunde 48 hivi, na kiki iliyokuwa moja na nene itaanza kusikika kama mbili zilizobebana. Hapo unausukuma wimbo mmoja kidogo kwa mkono, unasikiliza, kisha unagusa spidi kwa kiasi kidogo zaidi. Ukijua ni upi unaotangulia, kazi imekwisha. Kulijua hilo ndiko kunakochukua muda, na njia niliyoiona ikifaa ni kufuata snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) au makofi badala ya kiki, kwa sababu sauti kavu na kali huonyesha mwanya mapema kuliko sauti nzito.

Siku hizi kuna kitufe cha kulinganisha spidi chenyewe. Sioni aibu yoyote kukitumia. Ila kinategemea gridi, yaani alama ambazo programu imezichora juu ya mapigo ya wimbo, na gridi hukosea, hasa kwa nyimbo za zamani zilizopigwa na mpiga ngoma wa kweli bila mashine ya kumwongoza. Mpiga ngoma huharakisha kiitikio na kupumua kwenye ubeti, na hicho ndicho kinachoupa wimbo uhai. Wimbo wa namna hiyo unahitaji mkono juu yake muda wote wa mpito, na mpito uwe mfupi. Pia kitufe hakijui sentensi za muziki. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo mipito mingi huharibika huku mhusika akidhani tatizo ni spidi.

Muziki mwingi wa kuchezea huhesabiwa kwa nne: pigo la moja, mbili, tatu, nne, halafu moja tena. Mizunguko minane ya namna hiyo, yaani mapigo 32, hufanya sentensi moja. Kwa mapigo 124 kwa dakika, sentensi inachukua takriban sekunde 15 na nusu. Sikiliza wimbo wowote wa klabu kwa makini: vitu vikubwa hubadilika mwanzo wa sentensi. Besi inaingia, mwimbaji anaanza, ngoma zinakatika, kiitikio kinarudi. Msikilizaji hajawahi kuhesabu, lakini mwili wake unajua. Unangoja.

Sasa mtu akiuingiza wimbo wa pili katikati ya sentensi ya wa kwanza, spidi inaweza kuwa sawa kabisa na kiki zikalala moja juu ya nyingine, na bado ukumbi ukahisi kitu hakijakaa sawa. Wimbo wa kwanza unafika kileleni wakati wa pili uko nusu ya safari. Kiitikio kinaimbwa juu ya utangulizi wenye mlio wa tahadhari. Mwingine anamalizia neno lake na mwenzake kishamkatiza. Ni kama mazungumzo ambayo kila mtu anaanza kusema kabla mwenzake hajameza mate.

Tiba yake ni kuhesabu, na kuhesabu kuna mtindo. Usihesabu moja hadi 32, utapotea. Hesabu mizunguko: moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne, mpaka nane-mbili-tatu-nne. Namba ya kwanza inakwambia uko mzunguko wa ngapi. Ukifika nane, mkono uko tayari. Moja inayofuata ndiyo unayoachia wimbo mpya. Baada ya miezi kadhaa hutahitaji kuhesabu, utasikia sentensi inavyofunga. Tahadhari moja: wapo watunzi wanaoongeza mzunguko mmoja au kupunguza kwa makusudi, na wimbo wa namna hiyo ukikudanganya mara moja, weka alama kwenye faili lake ili usikudanganye tena.

Kwa sababu hiyohiyo matoleo ya kuchezea yana utangulizi mrefu wa ngoma tupu na mwisho mrefu wa ngoma tupu. Mwaka 1976 kampuni ya muziki ya Salsoul iliwauzia watu wote santuri ya inchi 12 yenye wimbo uliorefushwa na dijei Walter Gibbons, na muundo huo ukaenea. Santuri hiyo ilitoa nafasi kwa sauti kubwa na wimbo mrefu, na dijei akapata sekunde za kufanyia kazi. Ukipata toleo la redio lenye mwimbaji kuanzia sekunde ya tatu, usilazimishe mpito wa dakika nzima. Zungusha kipande cha mwisho cha wimbo unaotoka, mizunguko minne au minane isiyo na maneno, ili kuutengenezea mwisho ambao haukuwa nao.

Tuje kwenye besi. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na katika miksa, yaani mashine inayochanganya sauti za nyimbo, mafahali hao ni besi mbili. Mawimbi ya sauti nzito ni marefu na yana nguvu nyingi. Yakipanda pamoja yanajumlishwa: sauti mbili zinazolingana kabisa huongezeka hadi desibeli 6 zikikutana, na spika zinaanza kulalamika. Moja ikipanda wakati nyingine inashuka, zinafutana, na besi inapotea ghafla bila mtu kugusa kitu. Hali hizi mbili zinaweza kupokezana ndani ya mpito mmoja. Kinachosikika ni ukumbi kujaa tope, kisha kukauka, kisha kujaa tena.

Kwa hiyo wimbo mpya unaingia besi yake ikiwa imezimwa kwenye ikwalaiza ya miksa, yaani vitufe vya kupandisha au kushusha sauti nzito, za kati na nyembamba. Watu wanaanza kusikia matoazi yake, kisha vyombo vya kati, huku besi ya wimbo wa zamani ikiendelea kubeba miguu. Sentensi inapofungwa, kwenye lile pigo la moja, unazima besi ya zamani na kufungua mpya kwa wakati mmoja, mikono yote miwili. Hilo likifanyika sawasawa, ukumbi unapata msukumo mpya bila kujua umetoka wapi. Kwangu hiyo ndiyo sekunde tamu kuliko zote katika kazi hii. Nilikaa muda mrefu nikilaumu masikio yangu kwa mipito mizito, mpaka nilipojirekodi na kugundua kuwa spidi zangu zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilichokuwa nikifanya ni kuacha besi mbili zikae pamoja mizunguko minane nzima.

Sauti za waimbaji zina sheria kali zaidi: mmoja aimbe, mwingine angoje. Sikio la binadamu hukimbilia maneno, na likipewa maneno ya watu wawili halifuati la yeyote. Matoazi yanavumiliana, ingawa yakizidi yanachoma. Kabla ya yote hayo linganisha nguvu ya nyimbo zenyewe kwa kutazama taa za miksa, maana wimbo wa 1978 na wa mwaka huu hazikurekodiwa kwa ukubwa mmoja wa sauti. Usiache sauti ifike kwenye taa nyekundu.

Kuna pia suala la ufunguo wa muziki, yaani noti na ngazi ya sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Nyimbo mbili zikiwa na ala zinazopiga tuni, kama kinanda au gitaa, na funguo zao hazipatani, zitasikika kama kwaya iliyokosa mwalimu hata kama mapigo yamelala pamoja. Madijei wengi hutumia gurudumu la Camelot, linalopanga funguo 24 kama saa ya namba 1 hadi 12, herufi A ikiwa funguo za maina na B funguo za meja. Ufunguo wa A maina, kwa mfano, ni 8A. Kutoka hapo unaweza kwenda salama 7A, 9A au 8B, ambayo ni C meja. Kumbuka tu kwamba ukiongeza spidi kwa asilimia 6 bila kuiambia mashine ishikilie ufunguo uleule, wimbo unapanda takriban nusu toni, na 8A yako imekuwa 3A. Sheria hii ninaitii pale ambapo nyimbo zitakaa pamoja muda mrefu zikiwa na ala zote. Kama zinakutana kwa ngoma tupu, siangalii gurudumu kabisa, na sioni sababu ya kuacha wimbo mzuri kwa ajili ya namba.

Je, nyimbo zenye spidi zilizoachana mbali? Kwanza angalia kama moja ni nusu ya nyingine: 70 na 140 zinakwenda pamoja vizuri, pigo moja huku kwa mawili kule. Kama ni 95 na 125, usizivute. Wimbo uliovutwa kiasi hicho unasikika kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hapo dawa ni kukata. Subiri neno la mwisho la kiitikio, liachie mwangwi, funga wimbo, na kwenye pigo la moja mpya uanze kwa nguvu. Mwangwi unajaza pengo wakati mwili unabadilisha gia.

Kukata ni sanaa yenye heshima yake. Kwenye sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, dijei Kool Herc aliwachezesha watu kwa vipande vya ngoma vya nyimbo, na kutokana na kazi yake hiyo akajulikana kwa kutumia santuri mbili za wimbo mmoja ili kipande hicho kisiishe. Dijei mwingine, Grandmaster Flash, akaja kuchora alama kwenye santuri ili arudi penyewe hasa, pigo kwa pigo. Hakuna kilichofifia polepole hapo. Lakini mchezaji hakupoteza hatua, na kwa maana niliyoanza nayo, huo nao ni mpito laini.

Kwa anayetaka kujaribu leo: chukua nyimbo mbili tu, zenye spidi zinazokaribiana, na uzimiksi mara 20. Badilisha kitu kimoja kila mara. Mara uanze sentensi moja mapema, mara ubadilishane besi baada ya mizunguko 16 badala ya minane, mara ukate. Rekodi zote, lala, usikilize kesho yake ukiwa unatembea, bila skrini mbele yako. Pale hatua zako zitakaposita barabarani, rudisha nyuma sekunde kumi na usikilize tena.