Si ubwiri unga utakaouangusha mti wako

Hapa Mtwara ubwiri unga hauhitaji kutambulishwa. Tumekulia kwenye mikorosho na harufu ya salfa inayopulizwa kuuzuia tunaijua toka utotoni. Ndiyo maana watu wa Shangani au Ligula huniita waonapo vumbi jeupe kwenye majani machanga ya mwembe wa uani. Fangasi huyo huishi juu ya jani, hunyonya seli za ngozi yake na kuharibu maua. Hasara ni ya maembe, mti utasimama.

Ninayemhofia ni Ganoderma, fangasi mwingine anayeozesha mbao ndani ya mti. Chini ya shina huota uyoga mgumu uliojitokeza kama rafu, mgongo wa kahawia, ukingo mweupe, na vumbi la kahawia limetanda juu yake. Mvinje na mkrismasi hushambuliwa sana. Ukiuona uyoga huo, fangasi mwenyewe kwa kawaida ameshakaa ndani kwa miaka.

Aliingia kwenye jeraha: mzizi uliokatwa kupitisha bomba, gome lililounguzwa na takataka zinazochomwa shinani (tabia hii inaniuma kweli), au tawi lililochanwa kwa panga. Huyeyusha lignini na selulosi, vitu vinavyoupa mti ugumu, na kuacha mbao nyeupe, laini. Huku tabaka la nje bado linapandisha maji. Kwa hiyo mkrismasi unaweza kuchanua mwekundu wote Desemba, kisha upepo wa mvua za Januari ukaulaza juu ya bati.

Gonga shina kwa nyundo ya mbao usikilize panapolia tupu. Wengi wetu tunaokagua miti huanza na kanuni hii: ukuta wa mbao nzima usipungue theluthi ya nusu kipenyo, yaani shina la sentimita 60 liwe na kama sentimita 10 kila upande. Kwa mizizi kanuni hiyo haisaidii, lazima ufukue taratibu uangalie.

Salfa haimfikii huyu, na akishaenea ndani hakuna dawa ya kumtoa. Jeraha usilizibe kwa saruji wala oili chafu, unyevu hubaki humo humo. Tawi likatwe kwa msumeno, nje kidogo ya kivimbe cha maungio, bila kuacha kisiki. Mti ukishaondolewa, ng'oa na mizizi mikubwa, maana fangasi hubaki humo akisubiri mzizi mwingine umguse. Mche mpya upande mbali na shimo hilo.