Katuni za Magazeti ya Zamani: Tunayodhani na Yaliyokuwa

Kila baada ya muda, katuni iliyokatwa kwenye gazeti la zamani huzunguka kwenye simu, na chini yake watu wanaandika: "Dar ya enzi hizo!" Nafurahi kuona bado zinapendwa. Ila kuna dhana zinazotembea nazo ambazo zinawaonea wachoraji, na zaidi zinawaonea watu waliochorwa.

"Vilikuwa vichekesho tu, vya kupitisha muda."
Hapana. Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru la Tanzania, alianza kuchorwa miaka ya 1960, wakati nchi ikibishana nani anafaidi uhuru na nani bado anahangaika. Kule Nairobi, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mwaka 1973, na shujaa wake alikuwa mtu wa kawaida wa mjini. Watu walicheka, ndiyo, lakini walicheka kwa sababu wameguswa.

"Katuni inaonyesha mji ulivyokuwa."
Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Mchukue msichana wa minisketi. Tunamjua: kiuno chembamba, sketi imepanda, wigi kichwani, na bwana mwenye kitambi hayuko mbali. Ukimwamini, utadhani wasichana wa Dar es Salaam hawakuwa na kazi nyingine ila kuwinda wenye magari.

Sasa rudi kwenye mwaka 1968. Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, minisketi, wigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua vingepigwa marufuku. Hata kabla ya siku hiyo kufika, wanawake walishambuliwa Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Uhuru lilikuwa gazeti la TANU yenyewe, na waliokuwa wakishika kalamu za katuni karibu wote walikuwa wanaume. Wakati huohuo wanawake waliandika barua kwa wahariri kujitetea: tunafanya kazi, tunajinunulia nguo kwa fedha zetu, inawahusu nini? Barua hizo hazirushwi kwenye simu, katuni ndizo zinazorushwa. Kwa hiyo yule msichana anatuambia wanaume wa mjini walikuwa wakihofia nini. Jinsi wasichana walivyoishi ni habari nyingine.

Binafsi huamini zaidi pembeni ya katuni kuliko katikati yake. Katikati mchoraji anatia chumvi. Pembeni, kwenye redio juu ya meza, kibao cha duka au mkao wa abiria ndani ya basi, hakuwa na sababu ya kudanganya.

"Hazikuwa na rangi kwa sababu wachoraji hawakuwa na vifaa."
Uchapaji ndio ulioamua. Kurasa nyingi za gazeti zilipigwa wino mweusi peke yake. Picha ya kamera ilibidi igeuzwe kuwa vinukta vidogo ndipo ichapike, na kwenye karatasi ile nyepesi mara nyingi ilitoka imefifia. Mstari wa wino ulitoka safi. Ndiyo maana kivuli kwenye katuni hizo ni mistari myembamba iliyopishana: ikisogeleana, shati linakuwa jeusi, ikiachana, linakuwa la kijivu. Ule ni ufundi.

"Foleni zote zile za kwenye katuni ni za Ujamaa."
Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya Ujamaa, ni la mwaka 1967. Uhaba uliowakaba watu wa mijini kwa sabuni, sukari na unga ulizidi makali mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda duniani. Mwaka 1983 ikafuata kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Kwa hiyo katuni ya mwenye duka anayeficha sukari chini ya kaunta inasomeka vingine kabisa ikiwa ni ya 1983 kuliko ikiwa ni ya 1970. Ukiwa nayo nyumbani, kabla hujaipiga picha na kuirusha, usiikate juu: jina la gazeti na tarehe viko pale.