Geji ya tangi la maji matamu botini: inapima nini, na hitilafu yake itafutwe wapi

Geji ya tangi la maji matamu ni kile kisaa kinachofungwa karibu na usukani, chenye sindano inayotembea kati ya alama ya tupu na alama ya kujaa. Wengi hudhani kwamba kinapima maji, lakini sivyo. Kinachopimwa ni ukinzani wa umeme, yaani kiasi ambacho njia ya umeme inauzuia mkondo usipite, nao huhesabiwa kwa omu; maji hayamo katika hesabu hiyo ila kwa kupitia boya. Asiyelifahamu jambo hili hukimbilia kununua geji mpya, akaifunga, kisha akaiona sindano imelala palepale ilipolala ile ya zamani.

Mfumo wenyewe una sehemu tatu. Ndani ya tangi mna kihisio, ambacho mafundi wengi hukiita sensa: boya jepesi lililoshikwa na mkono wa chuma, au linalopanda na kushuka kwenye nguzo nyembamba, na kila linaposogea ukinzani hubadilika. Kwenye kihisio hufungwa nyaya mbili, mmoja unaokwenda kwenye geji na mwingine unaorudi upande hasi wa betri, ambao ndio ethi. Sehemu ya tatu ni geji, inayopata umeme wake, mara nyingi wa volti 12, kupitia fyuzi na swichi.

Hapa pana jambo linalowapoteza hata mafundi wazoefu. Vihisio vya kawaida ya Kimarekani huwa na takribani omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa, ilhali vile vya Kiulaya huwa na takribani omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Boti iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika nje, kisha ikabadilishwa vifaa mara mbili tatu hapa Malindi au kule Mkoani, ni rahisi kukutwa ina geji ya kawaida moja na kihisio cha kawaida nyingine, na matokeo yake ni sindano inayopanda kadiri maji yanavyopungua. Hapo hakuna kilichoharibika. Ni vifaa viwili visivyosikilizana.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi pale kutu inapoingia. Hewa ya chumvi huzifanya ncha za nyaya za shaba zishike kutu ya kijani, hasa ethi iliyofungwa chini karibu na maji ya ngama, yaani yale yanayotuama chini kabisa ndani ya boti, na kutu hiyo huongeza ukinzani. Katika mfumo wa Kimarekani ukinzani ukiongezeka geji huonyesha maji machache kuliko yaliyomo, na waya ukikatika kabisa sindano hulala kwenye tupu. Ni udhia tu, kwani mtu atajaza maji yasiyohitajika. Katika mfumo wa Kiulaya mambo hugeuka: kutu huonyesha maji yasiyokuwapo, na waya uliokatika huonyesha tangi limejaa. Nahodha anayewapeleka wageni Misali, kisiwa kisicho na maji ya kunywa, afadhali mara kumi adanganywe na geji ya kwanza kuliko ya pili.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie kwenye tangi, kwa kupima kina halisi cha maji kwa fimbo safi iliyopitishwa kwenye mdomo wa tangi. Ukishajua ukweli, hakikisha kwamba fyuzi ni nzima na kwamba umeme unafika kwenye geji, kisha uchomoe waya wa kihisio nyuma ya geji. Geji nzima ya Kimarekani itashuka hadi tupu, na waya mfupi ukiunganisha sehemu ileile na ethi itapanda hadi kujaa. Ya Kiulaya itafanya kinyume chake. Ikiitikia hivyo, iache ilipo, haina kosa. Angalia tu usiguse upande chanya, maana utaunguza fyuzi. Baada ya hapo rudisha waya, kisha vuta waya mwingine wa muda kutoka ethi ya kihisio moja kwa moja hadi upande hasi wa betri. Sindano ikikaa sawa, tatizo ni kutu ya ethi, na dawa yake ni kukata ncha mbovu, kusafisha na kufunga upya.

Isipokaa sawa, chomoa nyaya za kihisio, kitoe, na ukipime kwa mita ya omu huku ukilisogeza boya kwa mkono. Namba zibadilike kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Zisipobadilika, au zikikatika katikati, kihisio kimekufa. Lakini kabla ya kukitupa kikague, kwani maji ya visima vyetu vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, nayo hujenga tabaka jeupe kwenye nguzo, kama lile la ndani ya birika, hadi boya likagoma kusogea. Siki huliyeyusha tabaka hilo, kisha kihisio kioshwe vizuri kabla ya kurudishwa. Boya lililopasuka na kuingia maji halina dawa.

Limebaki kosa moja ambalo si hitilafu. Matangi mengi huundwa kwa kufuata umbo la boti, mapana juu na membamba chini, na tangi la lita 200 lenye umbo kamili la pembetatu, likiwa na maji hadi nusu ya kina chake, lina lita 50 tu, si 100. Boya halijui umbo hilo. Njia ya uhakika ni kulijaza tangi tupu kwa madumu ya lita 20, boti ikiwa imetulia bila kulala upande, na kila baada ya dumu kutia alama kwenye fimbo na kuandika sindano ilipofika.