Je, wajua? Kenya kuna pampu za kisima zinazotuma SMS zenyewe

Pampu ya mkono ikifa kijijini si unajua kinachofuata, kamati ya maji inaanza kuchangisha, mweka hazina kasafiri, fundi yuko mjini, spea hakuna, na huku akina mama washarudi kuchimba mchanga wa mtoni kutafuta maji. Kule Kyuso, Kitui, watafiti walipopima walikuta pampu ikiharibika inakaa wastani wa siku kama 27 kabla ya kutengenezwa. Karibu mwezi, tena Kitui na lile jua lake!

Sasa watu wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao wa Kenya wakaona kitu kimoja: barabara inaweza kukosekana lakini netwaki ya simu ipo. Wakachomeka kidude ndani ya mpini wa pampu, kina ile sensa ya mwendo inayogeuza skrini ya simu yako ukiilaza. Mpini ukipanda na kushuka kinahesabu, kinakadiria maji yaliyotoka kila saa, kinatuma kwa SMS ya kawaida, hakuna cha intaneti wala nini. Pampu ikinyamaza wanaona, fundi anatumwa. Kwenye majaribio ya 2013 zile siku 27 zikashuka mpaka chini ya 3.

Ila pampu kunyamaza si lazima iwe imekufa. Kule Kwale, pwani, zile SMS zilionyesha mvua ikinyesha watu wanaikimbia pampu, wanakinga maji ya paa, wanachota kwenye vidimbwi, bure kabisa, na mimi hata siwalaumu. Lakini asiyeteka halipi, kwa hiyo masika ndiyo kiangazi cha mfuko wa pampu, halafu jua likirudi kila mtu anaikumbuka na pesa ya spea haipo. Ndio maana Kitui na Kwale ikaanzishwa huduma inaitwa FundiFix, kijiji kinalipa ada kidogo kila mwezi, inyeshe isinyeshe, na mafundi wanaahidi kuja ndani ya siku chache.

Mbona watafiti hawakuishia kwenye pampu tu? Kwa sababu swali la pili lilikuwa zito zaidi: huko chini maji yapo ya kutosha? Kwale maji hayohayo ya ardhini yalikuwa yanavutwa na mgodi wa titani, mashamba ya miwa, hoteli za Diani na mama mwenye jerikeni ya lita 20, na bahari nayo iko hapohapo, ukivuta sana chumvi inaingia. Kwa hiyo kuanzia 2015 Oxford, Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT (Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia) na wataalamu wa maji ya ardhini kutoka chuo cha Barcelona wakafanya mradi mmoja, wengine wanapima miamba, wengine wanauliza watu nani analipa na nani ameachwa.

Na kilichonishangaza zaidi ni hiki: mpini unatetemeka tofauti kidogo kutegemea maji yako umbali gani chini. Binadamu huwezi kuhisi, ila kompyuta ikifundishwa na ile mitetemo inaweza kukadiria kina, bila kuchimba kisima kingine cha kupimia, wakati mwenyewe anayeteka anawaza chai ya asubuhi tu.